Bhaya na Binamu Yake Bima

Wanaosafiri kwa barabara kati ya Mombasa na Nairobi wanaijua Makindu kwa sababu ya hekalu la Wasingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote, wa dini yoyote au asiye na dini, hukaribishwa kula bila kuulizwa atokako wala kutozwa senti. Niliposimama pale kwa mara ya kwanza nilikuwa na njaa ya kawaida ya abiria, na nikaondoka na neno. Mzee aliyekuwa akitugawia dengu na chapati alikuwa akinong'ona maneno yaleyale kila alipoinamia sahani, na mimi, nikiwa nimeketi sakafuni na kitambaa kichwani kama ilivyo desturi ya mahali pale, nikathubutu kumwuliza maana yake. Akanieleza kwa Kiswahili kizuri kwamba hayo ni maneno yanayofungua kitabu chao kitakatifu, nayo yanamtaja Mungu kwa sifa zake. Nikamwomba anifasirie moja tu. Akachagua nirbhau. "Maana yake hana hofu," akasema, akasogea kwa mtu wa pili.

Jibu hilo lilinikaa kooni kuliko chapati. Nimelelewa katika nyumba ambamo mtu mwema huitwa mcha Mungu, na kumcha ni kumwogopa kwa heshima. Hofu, kwa mafunzo niliyopewa, ni jambo linalotoka kwetu kwenda kwake. Kwamba Yeye mwenyewe haogopi halikuwa jambo la kusemwa, kama vile hakuna anayesimama pwani kutangaza kwamba bahari haina kiu. Ni nani basi aliyeona haja ya kulisema, tena katika sentensi ya kwanza kabisa? Nilifika nyumbani na swali hilo, likanipeleka kwenye vitabu vya Kisanskriti, lugha ambayo sikuwahi kudhani ingenihusu.

Nirbhau ni umbo la Kipunjabi la neno la Kisanskriti nirbhaya. Nir- ni "bila", na bhaya ndiyo hofu. Sauti ya kwanza ya bhaya, ile b inayosindikizwa na pumzi, haimo katika orodha ya konsonanti za Kiswahili, lakini mtu wa Mombasa hahitaji mwalimu wa kumfundisha, kwani ameisikia kwa muuza bhajia na kwa wenye maduka wanaoitana bhai. Chini ya neno hilo pana mzizi mfupi mno, bhī, wenye maana ya kuogopa. Wanasarufi wa Uhindi waliliona jambo hili mapema: irabu ya mzizi huimarishwa, ī inakuwa e, na e hiyo ikifuatwa na irabu nyingine hugeuka kuwa ay, ndivyo bhī inavyotoa bhaya, kama mzizi ji, kushinda, unavyotoa jaya, ushindi. Msomaji asiidhani kuwa ni sarufi ya ajabu. Sisi nasi tunaposema ogopa na kisha ogofya, p imegeuka f mdomoni mwetu na hakuna aliyetuona tukifanya kazi yoyote.

Kilichonishangaza zaidi ya umbo ni maana. Kamusi za Kisanskriti hutoa tafsiri mbili za bhaya, na hazizitenganishi sana: hofu, na pia hatari. Yaani neno lilelile hutaja mtetemeko ulio moyoni mwa mtu na kitu kilicho nje kinachousababisha. Sisi tuliazima maneno mawili kutoka Kiarabu, hofu kwa la ndani na hatari kwa la nje, na kwa hiyo tunaweza kusema kwamba fulani ana hofu pasipo hatari, au yumo hatarini wala hana hofu. Katika bhaya mpaka huo haukuchorwa.

Mzizi wenyewe una umri mkubwa kuliko Kisanskriti, na ndugu zake wametapakaa. Mlituania husema bijoti kwa kuogopa, Mrusi husema boyat'sya, na Mjerumani anayo beben, ambayo imehama kidogo kutoka kwenye hofu hadi kwenye dalili yake, kwa maana siku hizi ni kutetemeka. Kitenzi cha Kisanskriti cha "anaogopa" ni bibheti, ambamo mwanzo wa mzizi hurudiwa, bi-bhe, na ndani ya beben urudufu kama huo bado unasikika. Siwezi kuapa kwamba urudufu huo uliwekwa makusudi ili kuigiza meno yanayogongana, kwa kuwa vitenzi vingine vya Kisanskriti visivyohusu hofu pia huurudia mzizi hivyo; lakini nikikumbuka kwamba na sisi tunatetemeka na kubabaika, sikio langu halikubali kwamba ni bahati tu.

Mzizi huo umezaa pia majina ya watu katika tenzi kuu za Uhindi. Bhima wa Mahabharata, mwenye nguvu na tumbo lisiloshiba, ni "wa kutisha". Bhishma, babu wa ukoo wa huyo Bhima, alizaliwa akiitwa Devavrata, akapewa jina hilo jipya kwa sababu ya kiapo cha kutisha alichokula, cha kutooa maisha yake yote ili baba yake aweze kumwoa mwanamke aliyempenda. Jina la tatu, Vibhishana, nitalirudia.

Lakini kabla ya majina kuna simba, kwa sababu ni simba walionifanya nielewe sarufi. Reli iliyoleta watu wa Punjab mpaka Makindu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Uhindi. Mwaka 1898, kwenye daraja la mto Tsavo, simba wawili waliwavamia wajenzi usiku hadi kwenye mahema yao, wakawala, na kazi ikasimama kwa majuma kadhaa watu walipokimbia. Kila nipitapo Tsavo huwaza ni maneno gani yalisemwa ndani ya mahema yale baada ya taa kuzimwa. Katika Kiswahili tungesema waliwaogopa simba: mtu, kitendo, na simba akipokea kitendo hicho kama vile anavyopokea jiwe alilotupiwa. Ukiitazama vizuri sentensi hiyo ni ya kuchekesha, kwa kuwa simba hapokei chochote. Hata habari hana.

Kisanskriti hakisemi hivyo. Husema siṃhād bibheti, anaogopa kutoka kwa simba. Panini, bingwa wa sarufi aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, aliliwekea jambo hili kanuni ya maneno mawili tu: kwa vitenzi vyenye maana ya kuogopa na vyenye maana ya kulinda, kinachosababisha hofu hupewa alama ileile, mwishoni mwa neno, inayopewa mahali mtu anapoondoka, kama mji aliouacha au mti lilikoanguka tunda. Angalia kwamba kuogopa na kulinda vimewekwa chini ya kanuni moja. Anayeogopa anatoka kwa simba. Anayelinda anamtoa mtu kwa simba. Kwa lugha hiyo hofu ina mwelekeo tangu mwanzo, nayo ni safari ya kuondoka.

Hapo ndipo alipoingia mtu niliyempenda kuliko wote katika utafutaji huu, naye ni Patanjali, aliyeandika ufafanuzi mkubwa juu ya Panini yapata karne ya pili kabla ya Kristo. Patanjali alikuwa na tabia ya kuuliza kama kanuni inahitajika kweli, na juu ya hii akauliza: je, hatuwezi kuifuta? Hoja yake ni kwamba kanuni ya jumla ya kuondoka inatosha, kwa sababu aogopaye ameondoka kwelikweli. Mfano wake ni mbwamwitu. Mtu mwenye busara hujiwazia kwamba mbwamwitu wakiniona kifo changu ni hakika. Basi huwafikia kwa akili yake, kisha hugeuka na kurudi. Miguu haijasogea, ila akili imekwenda hadi kwa mbwamwitu na imerudi mbio, na huko kurudi ndiko kunakoitwa kuogopa. Nimesoma maelezo mengi ya hofu, ya madaktari na ya wahubiri, na sijaona lililoikamata hofu ya usiku kama hili la mwanasarufi aliyekuwa akitafuta tu namna ya kupunguza kanuni moja. Mtu aliyelala macho wazi saa nane za usiku akiwaza karo ya shule huwa amekwenda na kurudi mara mia.

Sasa nirudi kwa mzee wa Makindu na swali langu. Ukifungua nyimbo kongwe za Uhindi utaona kwamba kumtaja Mungu asiye na hofu hakukuwa kama kutaja bahari isiyo na kiu, maana miungu ya zamani iliogopa. Indra, mfalme wao, anasifiwa katika Rigveda kwa kumwua joka Vritra lililozuia maji, na katikati ya sifa hizo mshairi anamwuliza ghafla: ulimwona nani, ewe Indra, nani wa kulipiza kisasi cha joka, hata hofu ikakuingia moyoni baada ya kuua, ukavuka mito tisini na tisa kama kipanga aliyeshtuka? Neno lililotumika hapo ni bhī yenyewe, mzizi ukiwa nomino bila kuongezewa kitu. Wimbo hautoi jibu, nami naupenda kwa hilo.

Kisha upo Upanishadi wa Brihadaranyaka, mmoja wa maandiko ya kale ya tafakuri ya Wahindu, unaokwenda mbali zaidi. Unasimulia kwamba hapo mwanzo palikuwa na Nafsi moja peke yake, yenye umbo la mtu, ikatazama huku na huku isione kingine ila yenyewe, na ikaogopa. Ndiyo maana, maandiko yanasema, mtu akiwa peke yake huogopa. Halafu Nafsi ile ikafikiri: ikiwa hakuna kingine ila mimi, naogopa nini? Papo hapo hofu ikaiondoka. Kwani ingeogopa nini? Na sentensi inayofuata ni fupi kama pigo la nyundo: dvitīyād vai bhayam bhavati, hakika hofu hutoka kwa wa pili. Wa pili yule amepewa alama ileile ya Panini, ya mahali pa kuondokea. Mradi kuna mimi na mwingine, kuna mahali ambapo akili yangu inaweza kwenda na kurudi mbio.

Upanishadi mwingine, wa Katha, unaligeuza jambo hilo upande wa pili: kwa hofu yake moto huwaka, kwa hofu yake jua hutoa joto, kwa hofu yake hukimbia Indra na Upepo, na Mauti akiwa wa tano. Hii ndiyo hofu tunayoiita kicho, ile ya mcha Mungu, isipokuwa hapa wachaji ni jua na kifo. Na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Wasingasinga, aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539, alitunga kwa Kipunjabi utenzi unaofuata nyayo hizohizo: katika hofu upepo huvuma, katika hofu mito hutiririka, na orodha inaendelea hadi kila kiumbe kimeandikiwa hofu kichwani, ndipo beti zinapofungwa kwa kusema kwamba asiye na hofu ni mmoja tu, asiye na umbo. Kumbe nirbhau si sifa iliyookotwa. Ni jibu la mazungumzo ya miaka elfu mbili na zaidi. Asiye na wa pili hana wa kumwogopa, na kusema Mungu hana hofu ni namna nyingine ya kusema ni Mmoja. Nilipolifikia hilo nilihisi aibu kidogo, kwa kuwa neno Mmoja nilikuwa nimelikariri tangu chuo cha Kurani bila kuwahi kuliuliza linamaanisha nini upande wa hofu.

Lakini sisi wengine tunao wa pili, wa tatu, na jirani mwenye mbwa. Kwa watu wa namna yetu Kisanskriti kina neno jingine, abhaya, na ni hili ambalo nadhani watafsiri wengi wamelikosea. Kwa kuwa a- ni kikanushi, hulifasiri kuwa ushujaa au kutoogopa, na Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inapoiweka abhaya ya kwanza kabisa katika orodha ya sifa za kimungu, msomaji huona picha ya askari aliyetunisha kifua. Hata hivyo, kama bhaya ni hofu na hatari kwa pamoja, basi abhaya ni kutokuwapo kwa vyote viwili. Na maandiko ya kale huizungumzia kama kitu kinachoombwa na kupewa. Ushujaa haupewi mtu mkononi. Katika Atharvaveda, mkusanyo mwingine wa nyimbo hizo kongwe, mwombaji anaomba abhaya kutoka kwa rafiki, abhaya kutoka kwa asiye rafiki, abhaya usiku na abhaya mchana, na pande zote za dunia ziwe rafiki zangu. Sikuweza kupita juu ya mpangilio huo bila kusimama: rafiki ametajwa kabla ya adui. Aliyetunga dua hiyo alikuwa ameishi.

Hapa ndipo arudipo Vibhishana. Katika utenzi wa Ramayana yeye ni ndugu wa Ravana, yule aliyemteka Sita, mke wa shujaa Rama, na jina lake maana yake ni "mtishaji". Anamwacha kaka yake, anavuka bahari, na kuja kwenye kambi ya adui kuomba hifadhi. Washauri wa Rama wanamshuku, nao wana haki. Rama anawajibu kwamba mtu akija hata mara moja tu na kusema mimi ni wako, humpa abhaya dhidi ya viumbe wote, na hicho ndicho kiapo chake. Mtishaji amekuja kuomba asitishwe, na anapewa. Kuna pia desturi ya anayeiacha dunia na kuwa mtawa, ambaye siku ya kutoka nyumbani hutamka kwamba viumbe wote wawe na abhaya kutoka kwangu. Hasemi kwamba yeye haogopi tena. Anasema kwamba yeye hataogopwa tena. Anajiondoa kwenye orodha ya kina wa pili.

Basi neno la Kiswahili la abhaya ni lipi? Kwa muda nilijaribu usalama, likawa kavu. Kisha siku moja nikamsikia shangazi akimwambia binti yake aliyechelewa kurudi, "Sikuwa na amani mpaka uliposhika kitasa," nikajua nimelipata. Asemaye sina amani hazungumzii vita. Anasema naogopa, na anasema pia kwamba huenda lipo la kuogopwa. Kama bhaya, amani yetu haijachora mpaka kati ya moyo na barabara. Na kwa yeyote aliyesoma chuo, ushahidi uko katika sura fupi ya Kureshi, inayotaja safari za kusi na kaskazi za watu wa Makka, yaani za kipupwe na za kiangazi, kisha ikawaamuru wamwabudu Mola wa nyumba ile aliyewalisha kutokana na njaa na akawapa amani kutokana na hofu. Kiarabu nacho husema min khawf, kutoka hofuni. Chakula na amani, kwa msafiri. Ningeweza kuiandika aya hiyo na kumpelekea mzee wa dengu, naye asingehitaji maelezo mengi.

Nilidhani nimemaliza, hadi nilipokutana na Kiajemi. Lugha za Iran ni dada za Kisanskriti, na moja ya tofauti zao ni kwamba zilipoteza ile pumzi: bh ya Kisanskriti huonekana kule kuwa b tupu. Kwa hiyo mzizi bhī ulipokwenda upande huo ukatoa neno bim, ambalo hadi leo ni hofu kwa Kiajemi. Kutoka bim likatoka bima, neno lililotumika Uajemi na Uhindi kwa mapatano ambayo mtu hulipa kidogo sasa ili akifikwa na anachokiogopa asibebe hasara peke yake. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walikuwa na kila sababu ya kulihitaji neno la namna hiyo, na likatufikia. Tunalo. Bima ya gari, bima ya afya, bima ya maisha. Tumekuwa tukitamka mzizi wa Panini kwenye foleni za hospitali na kwenye vioo vya matatu bila kujua. Tena tumelifanyia mzaha mkubwa ambao hakuna aliyeukusudia, kwani neno lenye maana ya hofu tumelitumia kununulia kinyume chake. Bima ni bhaya iliyolipiwa ikageuka abhaya ya mwaka mmoja.

Nilipita tena Makindu mwezi uliopita. Mzee yule sikumwona, wala sikuuliza, ila nilikula. Katika ukumbi nilikumbuka sanamu za Buddha nilizoziona pichani, mkono wa kulia umeinuliwa, kiganja kikimwelekea mtazamaji, vidole vimenyooka. Ishara hiyo ina jina, abhayamudra, na maana yake ni usiogope, kutoka kwangu huna cha kukimbia. Inasimuliwa kwamba Buddha aliufanya mkono hivyo mbele ya tembo Nalagiri aliyekuwa amechachamaa katika njia za Rajagriha, na tembo akapiga magoti.

Kilomita chache baada ya kuondoka, askari wa barabarani aliingia njiani akainua mkono wa kulia, kiganja kikitukabili, vidole vimenyooka. Dereva wetu alinyamaza katikati ya sentensi, akapunguza mwendo, akapapasa sanduku la mbele kutafuta leseni. Askari hakuitaka. Aliinama, akasoma tarehe kwenye stika ya bima iliyobandikwa kiooni, akaipitisha tena kwa kidole, akatupungia twende.